Kichwa cha Mke wa Likwata

Kichwa cha Adija kilikuwa na adabu moja tu: kilibisha hodi kabla ya kuingia. Asubuhi anakung'uta mkeka, mara kwenye pembe ya jicho la kushoto anaona kitu kinametameta kama magamba ya dagaa juani. Hapo hapo anajua. Ana muda wa kuchemsha sufuria moja ya uji, ya pili haifiki. Magamba yanatanda, nusu ya uso wa mtu aliye mbele yake inafutika, halafu upande mmoja wa kichwa unaanza kugongwa kutoka ndani kwenda nje, mpaka jicho linachuruzika machozi na tumbo linapinduka. Watu wanauita ugonjwa huo kipandauso. Jina zuri, utadhani la ua. Kumbe ushenzi mtupu.

Na kilichomuudhi kuliko maumivu ni harufu. Kichwa kikishaingia, pua yake inakuwa ya mbwa. Mabibo yanayooza chini ya mikorosho anayasikia kutoka nyumba ya sita. Ng'onda wa jirani, yule samaki mkavu aliyetundikwa darini, anamsikia. Likwata, mumewe, mtu anayeoga kila jioni maskini ya Mungu, anamnukia kama ngozi mbichi ya ng'ombe. Kila kitu kinyaa. Anatamani aitoe hiyo pua aiweke juu ya kabati, ingekuwa kabati lipo.

Sasa mtu wa namna hii, wenzake walimpa dawa gani? Moshi.

Ilianza mwaka ule wa Uhuru, Adija msichana wa miaka kumi na saba, ndiyo kwanza ameolewa. Watu wako uwanjani wanacheza ngoma, bendera mpya imepanda, yeye yuko uvunguni mwa kitanda na kanga usoni, kila mdundo unampiga kwenye jicho. Wazee wakasema ni pepo, tena pepo wa mkoloni, hataki kuondoka na wenzake. Wakacheka. Lakini mama mkwe wake, Bi Somoe, hakucheka. Bi Somoe alikuwa mwanamke mwenye huruma kubwa na akili ya kuazima, na akili hiyo alikuwa akiiazima kwa Fundi Fakihi.

Huyo Fakihi, we acha. Mganga wa mapepo, mrefu, kucha zimejaa ugoro. Alianza na kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Hilo Adija hakulilalamikia, lilikuwa na harufu safi na maneno yake ni ya Mungu. Lakini kombe lilipochelewa, fundi akaleta ya kwake mwenyewe. Akamchanja chale kwenye paji la uso, akabandika pembe ya ng'ombe, akafyonza kwa mdomo wake, halafu akatema kiganjani damu nzito, mate ya ugoro na kijimfupa cha mjusi, akawaonyesha watu: hiki hapa, ndicho kilikuwa kinamla. Adija alikiangalia kile kijimfupa kimelala kwenye mate ya mtu mzima, akajua kabisa kuwa hakikutoka kichwani kwake. Lakini alikuwa msichana, na mkwe wake alikuwa anafuta machozi ya furaha.

Mjusi hakusaidia. Ndipo likaja fukizo. Fundi anaweka makaa kwenye chetezo, anatia maganda ya korosho, nywele za mbuzi, na kipande cha mavi ya tembo kilichokaushwa. Mgonjwa anakalishwa juu yake, anafunikwa mablanketi mawili, anaambiwa avute. Mtu ambaye harufu ya ng'onda wa jirani inamtoa roho, anavutishwa moshi wa korosho unaochoma macho ya mtu mzima mwenye afya. Bila shaka alitapika. Alitapika mpaka nyongo. Na alipotapika, fundi akapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, wakasema amekubali, anatoka huyo, anatoka.

Na ubaya wenyewe ni kwamba akishatapika, kichwa kilikuwa kinalegea kidogo. Hapo ndipo walipomnasa. Kwa miaka kumi na mitatu Adija mwenyewe aliamini. Kila kichwa kilipokuja alijipeleka kwa miguu yake akafukizwe mavi, na kila mara fundi alimuuliza pepo jina lake, na kila mara pepo hakujibu. Wakakubaliana kuwa huyu ni pepo bubu.

Mwaka wa sabini na nne wakahamishwa. Kitongoji chao kilikuwa pembeni kule Kikole, nyumba tano hapa, tatu kule, kila mtu na mikorosho yake. Wakaambiwa watoke, wakae pamoja kwenye kijiji kipya njia ya kwenda Pande, nyumba kwa mstari. Waliosuasua waling'olewa mapaa. Kijiji kipya kilikuwa na mambo mawili mageni. La kwanza zahanati, chumba kimoja cha udongo, na ndani yake mganga msaidizi aliyeitwa Modesti, kijana wa Kimakonde kutoka huko juu Newala, asiyecheka ovyo.

Adija alikwenda kwake siku ambayo Fakihi, aliyehamishwa pamoja nao, alikuwa hajaitwa. Modesti alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akamuuliza kabla ya kichwa huwa anaona nini. Akamuuliza amekula saa ngapi, amelala vipi, yuko siku zake au hayuko. Adija akaona aibu kuulizwa siku zake na kijana, lakini akajibu. Alipofika kwenye fukizo na matapishi, Modesti akaweka kalamu chini.

"Dada, kutapika kumo ndani ya ugonjwa wenyewe," alisema. "Hata ungetapika kwa kumeza nzi, ungepata nafuu. Umefukizwa mavi miaka kumi na mitatu kwa kazi ambayo tumbo lako lingeifanya bure."

Adija alitoka nje akasimama nyuma ya zahanati, akaanza kutema mate. Alitema mpaka koo likakauka, na kinywani bado anasikia ladha ya ule moshi.

Modesti alimwambia ukweli wake wote: dawa ya kukiua kichwa hana, ana ya kukipunguzia kiburi. Vidonge vya aspirini, vikiwepo. Magamba yakianza tu ameze viwili na kikombe cha kahawa chungu, alale gizani, asisubiri mpaka kichwa kikae kitako. Na atafute mwenyewe kinachokiita, maana kila mtu ana chake. Adija akachukua kipande cha mkaa akaanza kuchora nyuma ya mlango. Jua akalichora duara. Njaa, tumbo tupu. Moshi, mistari. Siku zake alichora kitu anachokijua yeye. Baada ya miezi minne mlango ulikuwa mweusi na jibu lilikuwa wazi: jua peke yake hapana, njaa peke yake hapana; lakini jua la saa sita juu ya tumbo tupu, karibu na siku zake, basi kaburi.

Na hapa ndipo linakuja jambo geni la pili la kijiji kipya, ambalo ni chuma.

Kule kwao Kikole watu walilima kwa ngwe. Unapimiwa kipande chako kwa hatua, unakilima, ukimaliza unakwenda zako. Adija alikuwa anakula kiporo alfajiri, anaingia shambani umande haujakauka, jua likianza kuwa kali yeye ngwe imeisha yuko kivulini. Siku kichwa kikimshika analala, siku ya pili analima ngwe mbili. Hakuwahi kuacha kipande chake kikawa pori mbele ya watu. Alikuwa na mikono miepesi, jembe lake lilikuwa linasifiwa.

Kijiji kipya hakikutaka ngwe. Palitundikwa kipande cha reli, mabaki ya ile njia ya treni ya Nachingwea iliyong'olewa, na balozi wa nyumba kumi, Kibwana, alikigonga kwa nyundo kila asubuhi. Kikilia watu wote shamba la kijiji, kwa pamoja, mpaka kilie tena saa saba mchana. Kuondoka kabla ni kosa. Kula kabla ya mapumziko ni kosa. Na hicho chuma kilikuwa kimetundikwa hatua ishirini kutoka kichwani kwa Adija.

Alikwenda kwa Kibwana kwa heshima zote, akapiga magoti, akaomba apimiwe ngwe yake alime alfajiri, hata kubwa kuliko za wenzake. Kibwana alikuwa amekaa kwenye kigoda, pumzi zake uraka mtupu, ile pombe ya mabibo, na chuma cha asubuhi hakijalia bado. Akamwambia ngwe ni ubinafsi. Akamwambia sasa hivi tunalima kijamaa. Yeye mwenyewe kijamaa chake kilikuwa kusimama kivulini na fimbo. Adija akampa karatasi ya Modesti inayosema apumzike kichwa kikimshika. Kibwana akaisoma, akaikunja, akauliza kidonda kiko wapi. Mtu mwenye homa unamgusa, anachoma. Aliyevunjika mguu unaona mguu. Huyu je?

Basi maneno yakazagaa. Kwamba kichwa cha mke wa Likwata kina kalenda: siku ya jembe kinauma, siku ya unyago kinapona. Wanawake waliokuwa wanampigia vigelegele akitapika, sasa wakipita mlangoni wanashika vichwa na kupepesuka, wanachekana. Adija anawasikia akiwa amelala na kitambaa cheusi machoni, na hana hata nguvu ya kuwatukana, na matusi alikuwa nayo.

Novemba ile alikosa shamba mara tatu. Sheria ya kijiji ilikuwa hivyo: mara tatu unaitwa mkutanoni, unatangazwa kupe, na kupe anachimba mashimo ya vyoo vya kijiji mwezi mzima, toka chuma kilie mpaka kilie tena, juani. Likwata aliposikia akasema, bila kumtazama, kwamba ndugu zake wanamshauri amrudishe kwao. Adija akamuuliza kwao wapi. Mapaa ya kwao kina Adija, Likwata mwenyewe aliyaona yakishushwa.

Kwa hiyo Adija alikwenda mkutanoni akijua jambo moja. Mwezi wa mashimo juani hautamtoa mzima. Ama apate ngwe, ama ndoa na kichwa vyote viende.

Wakakusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, asubuhi, chini ya paa la makuti. Katibu kata alikuwa amesafiri kwenda Masoko, Kibwana ndiye aliyeshika kiti. Adija alikuwa kwenye siku ya pili ya kichwa, ile siku ambayo maumivu yamepungua lakini dunia nzima bado inanuka. Kibwana akasoma jina lake, akasema kijiji kimevumilia vya kutosha, akarudia swali lake la kidonda. Watu wakacheka. Modesti alisimama akaanza kueleza habari ya mishipa, na alikuwa anaeleza vizuri, lakini walimwambia akae, yeye ni mgeni, tena mambo ya wanawake hayamhusu.

Ndipo Bi Somoe akainuka. Mama wa watu alitaka kumwokoa mkwe wake, na alijua njia moja tu. Akasema mwanangu huyu si mvivu, kijiji kizima kinajua ana pepo. Fundi huyu hapa. Afukizwe mbele yenu, mwone wenyewe.

Hilo likawapendeza. Kibwana akaamua: pepo akionekana, basi ni mgonjwa; asipoonekana, mashimo. Fakihi alikuwa na mkoba wake tayari, kana kwamba alilala nao. Adija akatazama mablanketi yanakunjuliwa, akatazama kile kipande cha mavi kinawekwa juu ya makaa kwa vidole vile vya ugoro, na macho mia yanasubiri kuona. Alikuwa ameapa nyuma ya zahanati kwamba hatavuta tena moshi ule mpaka afe. Wakamfunika.

Alitapika mara moja. Vigelegele vikapanda. Na sauti ya Fakihi ikaja juu ya blanketi, ile ile ya miaka yote: "Wewe nani? Umetoka wapi?"

Miaka yote hapo ndipo alipokuwa ananyamaza. Siku hiyo hasira ilimpanda kutoka tumboni pamoja na nyongo, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito kwa sababu koo lilikuwa limeungua.

"Nimetoka Kikole."

Vigelegele vikakatika kama vimepigwa panga. Pepo bubu amesema. Fakihi mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, maana tangu aanze kazi hiyo hajawahi kujibiwa kwa haraka namna ile.

"Umemfuata nani huku?"

"Sijamfuata mtu. Mmenihamisha."

Mkutano ukawa kimya. Hakuna aliyekuwa pale ambaye hakuacha kitu kule, kaburi la mtoto, mkorosho wa baba. Adija alikuwa chini ya blanketi, jasho na matapishi kifuani, akasikia kile kimya, akaelewa. Mtu aliyekuwa anaitwa Adija alipiga magoti kwa Kibwana akapewa pumzi ya pombe. Huyu asiyekuwepo, wanamsikiliza.

"Unataka nini, mzee wetu?" Fakihi aliuliza, na sauti yake imeshakuwa tamu. "Kuku mweupe? Kanga nyekundu?"

"Nataka ngwe."

"Ngwe gani?"

"Ngwe ya kulima. Nipimiwe yangu, nilime alfajiri niondoke. Siku nikilala, nisigongewe chuma masikioni, kihamisheni. Nataka kahawa chungu. Na huo moshi wako unanichefua. Ukinifukiza tena mara moja tu, nakuhamia wewe."

Fakihi akakiondoa chetezo kwa mikono miwili, mbio, akaungua kidole. Na Kibwana, yule Kibwana wa ngwe ni ubinafsi, alisimama akavua kofia. Akasema mzee wetu tumekusikia. Akasema ngwe utapata, chuma kitahama leo leo, tusameheane. Alikuwa anaongea na blanketi. Tangu wajuane hakuwahi kumwita Adija hata dada.

Alipofunuliwa, Adija alimwona Modesti amesimama nyuma ya watu, anamtazama. Kijana alikuwa amejua ni nani aliyesema. Akageuka akaenda zake zahanati.

Usiseme hakufaidi. Chuma kilihamishiwa kando ya kisima. Alipimiwa ngwe nyuma ya shamba la kijiji, akailima umande ukiwapo na kiporo tumboni. Siku za magamba alimeza vidonge vyake akalala gizani, hakuna wa kupepesuka mlangoni. Kichwa kikapungua. Kutoka mara tatu kwa mwezi kikawa mara moja, mwezi mwingine hakikuja kabisa, mwingine kikaja kwa nguvu zote kumkumbusha nani mwenye nyumba. Hakikupona. Lakini mtu aliweza kuishi nacho.

Ila kinyaa sasa kilihamia kwa watu. Bi Somoe alikuwa anamletea kahawa kila asubuhi, anaiweka kando ya kitanda, anasema hii ya mgeni wa kichwani. Adija anainywa mbele yake na mkwe anasema mgeni amefurahi. Kibwana akipita anasimama mbali kidogo na mlango anasema shikamoo, na Adija akiitika marahaba kwa sauti yake mwenyewe, yule mzee anafadhaika kwa kutojua amemwamkia nani. Fakihi alitembea mpaka Pande akijisifu kuwa amemfumbua mdomo pepo aliyekuwa bubu miaka kumi na mitatu. Na Likwata, usiku wa kwanza alisogea mpaka ukutani.

"Leo nani yuko hapa?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe nani?"

Adija akamgeuzia mgongo. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, watoto wawili, na mtu anamuuliza hivyo.

Lililomuuma zaidi lilikuwa la Modesti. Alipokwenda kuchukua vidonge, zahanati ilikuwa nyeupe, hakuna hata mtu mmoja kwenye benchi. Modesti akamhesabia vidonge. Halafu akasema hamlaumu, angekuwa yeye labda angefanya vile vile, lakini ajue wagonjwa wake wote sasa wako kwa fundi, pamoja na watoto wenye homa. Adija akavifunga vidonge kwenye pindo la kanga. Alirudi nyumbani akiwa anajinukia mwenyewe, na siku hiyo kichwa hakikuwepo.

Wiki ile ile akaja Katarina. Mke mdogo wa fundi seremala, Wamakonde waliohamishiwa mwisho wa mstari. Alikuwa ameharibikiwa na mimba ya miezi minne, na siku ya tano chuma kilipolia alitolewa kwenda kulima. Alisimama mlangoni amejifunga kanga tumboni, midomo myeupe, akaamkia, akakataa kukaa.

"Dada Adija," alisema, "huyo wako hana ndugu yake?"

Adija alimtazama. Angeweza kucheka. Angeweza kumfukuza pia, maana alikuwa amechoka na huo upuuzi mpaka kwenye mifupa. Akaamua kusema kile ambacho hajamwambia mtu yeyote, hata mumewe.

"Hakuna pepo, Katarina. Ni mimi nilisema."

"Najua," Katarina akajibu. "Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa Fakihi."

Nje mtu alikuwa anapita na kikapu cha mabibo yaliyoiva kupita kiasi, na harufu yake ikaingia ndani. Adija akatema mate pembeni. Alikuwa anawaza kijiji kizima cha watu wazima, wenye mdomo na masikio, na mwanamke hawezi kusema naumwa mpaka amkodi mtu asiyekuwepo amsemee. Mawazo hayo yakamchefua kuliko mavi ya tembo. Halafu akaitazama damu iliyokuwa imeanza kupenya kwenye kanga ya yule binti.

"Kwanza unakwenda kwa Modesti sasa hivi, nakupeleka mwenyewe," akasema. "Halafu unarudi hapa tunakaa tunapanga maneno. Na huyo pepo wa kwako akija, aseme Kiswahili. Kibwana Kimakonde hakijui, hatasikia anachoamriwa."